Daftari la pili la mwalimu wa cherehani

“Nauli. Nauli. Mtoto ana homa. Matanga, Mavueni. Nauli. Upepo, mashua haikuvuka. Anavuna mahindi ya mamake. Hakusema. Nauli.”

Hayo ni maneno ya ukurasa mmoja, yamepangwa moja chini ya jingine kwa penseli, ndani ya daftari la kurasa mia mbili ambalo jalada lake limevishwa kipande cha leso kuukuu na kupigwa mshono pembeni. Nililikuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, katika chuo kidogo cha ufundi jirani na Takaungu, kaunti ya Kilifi. Nilikuwa nimefika kwa habari nyingine, ya karakana iliyokuwa ikingojewa kumalizwa. Habari ile niliiandika ikapita. Daftari ndilo lililonikaa moyoni, hata nikarudi kumwomba mwenyewe anieleze.

Mwenyewe ni mwalimu wa ushonaji, mama wa makamo, mzaliwa wa papo hapo. Aliniomba nisitaje jina lake wala la chuo, kwa sababu yaliyomo daftarini ni mambo ya watu, na Takaungu watu wanajuana. Basi nitamwita Mwalimu, kama wanavyomwita wanafunzi wake na kama wanavyomwita hata wauza samaki.

Madaftari anayo mawili. La kwanza ni rejista, ile inayotakiwa na kila chuo: jina, tarehe, alama ya aliyekuja na alama ya ambaye hakuja. Mwisho wa muhula alama zinajumlishwa, idadi inapelekwa ofisini, na wale ambao alama zao za kutokuja zimezidi wanahamia kwenye safu ya walioacha. La pili ni hili la jalada la leso. Amelipiga mistari mwenyewe kwa rula ya mbao ya kupimia kitambaa. Safu ya kwanza ni jina. Ya pili ni sababu, kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe au ya mwenzake aliyetumwa kuja kusema. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nivute kiti nikae. Humo huandika kile kilichofundishwa siku ile mtu alipokosekana: kola, mfuko wa pembeni, matundu ya vifungo, kuunga mkono begani, hesabu ya kitambaa, zipu.

Nilimuuliza kwa nini ajichoshe na safu ya tatu, ilhali rejista inaonyesha tarehe na mtaala upo. Alinitazama kama mtu anayetazama mshono uliokwenda upande.

“Mwanangu, rejista inaniambia huyu alikosa Jumanne. Sasa Jumanne ni kitu gani? Jumanne haivaliwi. Yeye alikosa zipu.”

Akanionyesha. Alifungua kurasa kadhaa za nyuma, akaweka kidole kwenye jina la msichana mmoja anayetoka ng’ambo ya mkono wa bahari, upande wa kaskazini, ambako watu huvuka kwa mashua ya kasia. Siku ya kwanza ya kukosa: upepo. Safu ya tatu: zipu. Siku ya pili, wiki kadhaa mbele: nauli. Safu ya tatu: hesabu ya kitambaa. Siku ya tatu: mama mgonjwa. Safu ya tatu: kuunga mkono begani. Siku tatu katika muhula mzima. Kwenye rejista msichana huyu ni mwanafunzi mzuri, mahudhurio yake hayana neno. Lakini alipofanya mtihani wa vitendo wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ule wa gredi ya tatu ambao ndio mlango wa kwanza wa fundi, alipewa vazi lenye zipu na mikono, na kitambaa cha kukadiria mwenyewe.

Mwalimu alieleza zipu kwa mikono yake, na nataka msomaji aione, kwa sababu ndani yake mna jambo zima. Upande wa kwanza na wa pili wa vazi huunganishwa kwanza kwa mshono wa kupita tu, mrefu, unaokuja kufumuliwa. Mshono hufunguliwa kwa pasi, kila ubavu ukalala upande wake. Zipu huwekwa kwa nyuma, meno yake yakiangalia palepale kwenye mshono, ikapigwa bandi kwa mkono ili isitembee. Kisha hubadilishwa kikanyagio cha cherehani, huwekwa kile cha upande mmoja, kinachopita kando ya meno bila kuyapanda. Mtu hushona kushuka ubavu wa kwanza, anavuka chini ya kituo cha zipu, anasimamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, anageuza, anapanda ubavu wa pili. Pale pa kugeuza ndipo penye siri: sindano ikitoka nje ya kitambaa kabla ya kugeuzwa, mshono unaruka. Mwisho bandi inatolewa, ule mshono mrefu unafumuliwa, na zipu inajitokeza imelala.

Hakuna anayeweza kuyabahatisha hayo. Aliyekuwepo siku hiyo aliyaona kwa macho na akayarudia mara nne juu ya vipande vya kitambaa chakavu. Asiyekuwepo aliona kesho yake zipu zimekwisha kushonwa, akaiga sura ya nje. Msichana yule hakupiga bandi kwa sababu bandi, kazi ikishakwisha, haionekani. Siku ya mtihani zipu ilijikunja. Alishindwa, na ada ya kurudia mtihani nyumbani haikuwepo.

“Kule walikoandika matokeo wameandika hakufaulu ushonaji,” alisema Mwalimu. “Mimi daftari langu linasema alishindwa na upepo.”

Wengi wetu twaijua historia ya vyuo hivi. Mwaka 1966 baraza la makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana wafanye nini baada ya shule, na kutokana na mjadala ule zikaanza politekniki za vijijini mwishoni mwa miaka ya sitini: karakana ndogo, karibu na nyumbani, ada nafuu, kwa watoto ambao shule ya upili ilikuwa ndoto. Serikali ikazichukua. Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti. Sheria ya elimu ya ufundi ya 2013 ikaweka utaratibu mpya wa usajili na ubora. Majina yamebadilika mara kadhaa, na ruzuku ikaja, ile ya shilingi 15,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Nia ya mwanzo haijabadilika: mtoto wa maskini apate ufundi bila kuhama kwao.

Na Takaungu ni mahali pa kuipima nia hiyo. Mji wenyewe ni wa kale. Wamazrui waliuhamia baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837, na misikiti na makaburi yao yapo. Kuuzunguka mji kuna mashamba na vijiji vya Wakauma, Wachonyi na Wagiriama, na vizazi vya watu walioletwa kulima bila hiari yao. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi inapita kilomita chache magharibi. Kusini ya mji kuna mashamba ya mkonge ya Vipingo. Kutoka mjini hadi chuoni mtu hutembea kwa miguu. Kutoka ng’ambo ya barabara ni bodaboda, au ni kutembea alfajiri. Mwalimu hakunipa hotuba kuhusu usawa. Alichukua penseli akanionyesha kwamba neno nauli, katika daftari zima, linakaa kando ya majina ya vijiji vilevile, na kando ya majina ya mjini halionekani kabisa. Wote wamelipa ada ileile, wana mwalimu mmoja, wanakaa benchi moja.

Kutokana na daftari hilo alianza kubadilisha mambo, na hapo ndipo nilipozidi kumheshimu. La kwanza aliloligundua ni kwamba nauli inakosekana zaidi Alhamisi. Hakulielewa mpaka alipouliza nyumba hadi nyumba: wazazi wengi ni vibarua, wanalipwa mwisho wa juma, na ikifika Alhamisi pesa ya Jumamosi imekwisha. Ijumaa ni nusu siku kwa ajili ya sala. Basi akaacha kuanzisha somo jipya Alhamisi. Mapya yote sasa huingia Jumatatu na Jumanne, na Alhamisi ni siku ya kurudia. Anayekosa Alhamisi anakosa marudio. Badiliko hili halikugharimu hata senti moja, na kwa miaka yote aliyofundisha kabla ya daftari, asema, halikuwahi kumpitia akilini.

La pili ni deni la somo. Aliyekosa kola anadaiwa kola, na halipi kwa Mwalimu, analipa kwa mwenzake. Mwanafunzi aliyekwisha kushona kola sawasawa hukaa na aliyeikosa mpaka aishone, kisha wote wawili hutia sahihi safu ya tatu. Mwalimu anaamini anayefundisha hufaidi zaidi, kwa sababu ndipo anapolazimika kusema kwa maneno kile ambacho mikono yake imezoea.

La tatu ni kazi za sikukuu. Kila mwaka, wiki za mwisho za Ramadhani, wanafunzi wake hodari walikuwa wanatoweka. Mafundi wa Kilifi mjini huelemewa na kanzu na magauni ya Idi na huwaita vijana wa kusaidia. Rejista iliwahesabu watoro. Daftari liliandika kazi ya Idi, na safu ya tatu ikamsumbua: mtu aliyekaa wiki mbili akishona kanzu usiku kucha amekosa nini? Siku hizi huwaambia waje na nguo moja waliyoishona huko, aikague mbele ya darasa, pindo kwa pindo. Baadhi yao wametumia malipo hayo kulipia mtihani.

Kuhusu watoto wachanga, hakusubiri ruhusa. Wanafunzi wake kadhaa ni kina mama vijana. Tangu 1994 Kenya ina sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua, na miongozo ikatolewa upya 2020, lakini kumrudisha mama ni jambo moja, na mtoto kupata wa kukaa naye ni jingine. Nyuma ya darasa, mbali na pasi, ametandika mkeka, na wenye watoto hupokezana zamu. Nilipouona mkeka ule nilikumbuka Jedwali la Nne la Katiba, pale majukumu ya kaunti yanapotajwa. Elimu ya chekechea, politekniki za vijijini, vituo vya sanaa za nyumbani na vituo vya kulelea watoto vimewekwa katika kifungu kimoja, cha tisa, mstari mmoja. Walioandika Katiba waliviweka vikae pamoja. Kwa nini basi, zaidi ya muongo mmoja tangu ugatuzi uanze, chumba cha mtoto na karakana ya mamake vinaonekana kama mambo ya idara mbili zisizojuana? Nimeuliza watu kadhaa swali hilo. Sijapata jibu la kuchapisha.

Nilimsimulia Mwalimu habari ya mbali inayofanana na yake. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango katika vyuo vyake vya jamii, vile vya miaka miwili vinavyopokea watoto wa tabaka la chini. Mpango huo huitwa ASAP. Mwanafunzi alitakiwa kusoma muda wote, naye akapewa mshauri mwenye wanafunzi wachache wa kuwafuatilia, akalipiwa pengo la karo lililobaki, akasaidiwa vitabu, na akapewa kila mwezi kadi ya kupandia basi na treni bure. Watafiti wa shirika la MDRC waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliokuwa ndani walikuwa wamehitimu. Kwa waliokuwa nje ni asilimia 22. Mpango ulipojaribiwa katika vyuo vitatu vya jimbo la Ohio, tofauti ikajitokeza vilevile. Gharama ya kila mwanafunzi ilipanda, lakini kwa kuwa waliohitimu walikuwa wengi zaidi, gharama kwa kila aliyehitimu ilishuka.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya cherehani.

“Kumbe nauli waliilipa wao,” akasema. Kisha: “Na mshauri wao, alikuwa na daftari?”

Nikamwambia sina shaka waliandika, tena kwa kompyuta.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa magumu. Nilikuwa nimekuja na wazo ambalo nadhani msomaji naye analo sasa: daftari hili liigwe, liingizwe kwenye mfumo, kila mwalimu wa kila chuo cha kaunti awe nalo. Mwalimu hakulipenda. Anaandika kwa penseli makusudi. Msichana akimwambia sababu ya kweli, akaja kesho yake akasema, Mwalimu, lile neno liondoe, analifuta mbele yake, na mahali pake huandika “hakusema”. Baadhi ya yale aliyoyafuta ni mimba. Baadhi ni kipigo. Moja lilikuwa jina la mtu mzima anayeheshimika. Siku neno litakapoingia kwenye mashine ya ofisi, ni nani atakayelifuta? Na mwanafunzi akijua kwamba halifutiki, atasema kweli, au safu nzima itajaa “mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa” kama zilivyojaa barua za wazazi tangu sisi tuko shuleni?

Kuna na hili la fedha. Ruzuku inapohesabiwa kwa kichwa, chuo chenye majina mengi kinapata zaidi. Mwalimu anayeandika kwa uaminifu nani hakuja, kwa nini, na amekosa nini, anaandaa ushahidi dhidi ya chuo chake. Nilimuuliza kama amewahi kuambiwa alifiche daftari. Alikunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi, akakikunjua, akaniuliza kama nimekunywa maji tangu nifike.

Nikaulizia matokeo. Hana asilimia za kunipa, ana majina. Alinitajia mmoja baada ya mwingine: aliyefungua kibanda Mtwapa, anayeshona sare za shule Mavueni, aliyepata kazi Mombasa akaiacha kwa sababu ya malipo, aliyeolewa na cherehani ikawekwa chini ya kitanda. Alimtaja na msichana wa zipu. Yeye alirudi, deni la somo akalilipa kwa mwenzake aliyeingia mwaka mmoja nyuma yake, na sasa anangoja kurudia mtihani. Aliyemfundisha ndiye aliyekuwa akitetemeka zaidi, asema Mwalimu, kwa kuona haya kumfundisha mkubwa wake.

Lakini daftari lake ni la darasa moja, na darasa hilo karibu wote ni wasichana. Madarasa ya umekanika, umeme na uashi yamejaa wavulana, na fundi wa injini hulipwa vizuri kuliko fundi wa pindo. Kila mtu pwani analijua hilo. Ikiwa ushonaji utafaulu vizuri kabisa, na kila mmoja akatoka na gredi yake, bado tutakuwa tumewaelekeza wasichana wengi kwenye kazi yenye ujira mdogo. Nilimwambia hivyo, kwa tahadhari. Hakukasirika. Alisema aliwahi kumpeleka msichana mmoja darasa la umeme kwa mkono wake mwenyewe, akakaa muhula mmoja. Sababu ya kuondoka kwake haimo daftarini, kwa sababu darasa lile halina daftari la pili.

Mwalimu wa umekanika, jirani yake, amemwomba amsaidie kuanza daftari la kwake. Wanafunzi wa umekanika wanatoweka kwa neno moja tu: baharini. Kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na bahari ikitulia, vijana wa Takaungu wanakwenda kuvua na baba zao na wajomba zao, na hakuna adhabu iliyowahi kuwazuia. Kusi ikianza, Aprili na kuendelea, mashua nyingi zinavutwa ufukoni na vijana wanakaa barazani. Walimu hao wawili walikaa na kalenda. Masomo ya injini, yale ya kushika spana hasa, yanaweza kusogezwa yote muhula wa pili, wakati vijana wapo.

Ila wakati vijana wapo, pesa hazipo. Ada inatakiwa mwanafunzi anapoingia darasani, na mwezi wa Mei nyumba ya mvuvi haina kitu. Januari pesa ya bahari ipo, lakini Januari ndipo wadogo zake wanaporudi shule. Mwalimu amependekeza chuo kipokee ada kidogo kidogo tangu Desemba, kwa siku za uvuvi, na kumwekea kijana nafasi yake hadi kusi. Mwenzake anaona wazazi hawatatoa pesa kwa darasa ambalo mtoto wao hajaanza kukaa. Bodi ya chuo itakutana kabla ya muhula kufungwa. Wamekubaliana kwamba atakayezungumza ni mwalimu wa umekanika, kwa kuwa vijana ni wake, na Mwalimu atakwenda na daftari ikiwa mtu atauliza wamejuaje.